Mgeni Tuliyemtoa Maktau

Kama utacheka, cheka sasa umalize, halafu nianze. Kila ninapoeleza jambo hili kuna mtu hunikatiza katikati, na mimi nikikatizwa hukasirika, na nikikasirika siendelei tena hata uniletee chai. Mimi si mlevi. Nimefanya kazi ya reli pale Voi, kazi ya kugeuza njia za gari moshi, na kazi hiyo ukisinzia kidogo tu unaua watu. Kabla ya hapo nilikuwa Bama, kwenye vita vya pili vya Wazungu, na bunduki begani, nikaona maiti za kila aina, na hakuna hata moja iliyowahi kuamka ikanisemesha. Kwa hivyo usiniambie ni woga. Haya niliyaona mchana, jua la saa tano limetupiga utosini, Bwana DC amesimama mbele yetu na kofia yake ya manyoya. Ingekuwa usiku ningesema macho yamenidanganya. Mchana je, nitasingizia nini?

Lakini lazima nianze na habari za kichwa, la sivyo hutaelewa.

Wazee wetu wa Kidawida, sisi watu wa milima ya hapo juu ya Voi, hawakuwaacha watu wao udongoni moja kwa moja. Mtu mzima akifa alizikwa, na udongo ukishafanya kazi yake, jamaa walilifukua kaburi, wakakitoa kichwa, wakakipeleka ngomenyi, yaani chini ya mwamba wa ukoo, ambako vichwa vya wazee vimepangwa safu moja, kila mmoja na jirani yake. Huko ndiko mlikokwenda kuzungumza nao mkipata shida. Dini ilipokuja wengi wakaacha. Mimi pia nimebatizwa, meza ya Bwana nakula, usianze kunihubiria. Ila nyanya yangu, Mkamburi, aliyetulea mimi na ndugu yangu Mwakio baada ya wazazi wetu kufa, huyo alikataa ubatizo mpaka mwisho. Alisema maji ya kanisani ni baridi na yeye ana kifua.

Babu yetu, mume wa Mkamburi, aliitwa Kidai. Hatukumjua. Vita vile vya kwanza vya Mjerumani vilipofika huku kwetu, alichukuliwa kubeba mizigo ya askari kutoka Voi kwenda upande wa Taveta. Hakupewa bunduki. Alipewa sanduku la risasi na ngata ya kuwekea kichwani, akaambiwa tembea. Mwenzake mmoja aliyerudi akaleta habari kwamba Kidai alikufa kwa kuhara damu pale Maktau, akafukiwa pamoja na wengine karibu na jiwe kubwa lenye mgongo. Nyanya wakati huo alikuwa na mimba ya mtoto wake wa mwisho, Mwadime, ambaye kwetu sisi ni baba mdogo. Basi. Mtu akawa ameisha. Mahali pake kule ngomenyi palibaki pengo, na nyanya akakaa na pengo hilo miaka yote, akiwa na hasira na mumewe kana kwamba ni yeye aliyependa kwenda.

Sasa huyu Mwakio, ndugu yangu mdogo. Mtoto wa kucheka, mrefu, miguu kama ya mbuni. Mwaka ule kabla Malkia hajatawazwa alijiandikisha jeshi, na kabla hatujazoea kumwona na sare akapelekwa Malaya, ng'ambo ya bahari, kupigana msituni. Nyanya aliposikia neno "msituni" hakula siku hiyo. Akamwita baba mdogo Mwadime, akamwambia, "Nenda ukamlete baba yako."

"Mama, baba amekufa zamani."

"Ndiyo maana nakuambia kamlete. Nitamwomba nani amlinde mtoto? Niombe mwamba mtupu?"

Unaona lililokuwa moyoni mwake? Alitaka Mwakio arudi mzima. Hakuna lingine, tokea mwanzo mpaka mwisho wa kisa hiki. Na Mwadime, ambaye Jumapili alikuwa anakusanya sadaka kanisani, alibeba jembe akapanda gari moshi la Taveta.

Alilipata lile jiwe. Akachimba. Baba mdogo aliniambia mwenyewe kwamba pale chini watu wamelala kama viazi, mmoja juu ya mwenzake. Sasa atamjuaje baba ambaye hakumwona hata siku moja? Nyanya alikuwa amempa alama: Kidai alichonga meno ya mbele, kama vijana wote wa wakati ule. Mwadime akapekua vichwa mpaka akafika kwenye kimoja chenye meno yaliyochongwa. Akalia. Akakifunga kwa shuka, akakitia kapuni, juu akaweka ndizi, akarudi Voi na kapu mapajani. Mama mmoja wa Mwatate akamsumbua njia nzima amuuzie zile ndizi. Tulicheka sana habari hiyo, wakati ule bado tunacheka.

Mimi sikuwepo walipokiweka ngomenyi, nilikuwa kazini. Nilisikia tu kwamba kimepakwa mafuta, kimeitwa Kidai, na pengo limejaa. Kuanzia hapo kila asubuhi nyanya alisimama nyuma ya nyumba akielekea ule mwamba, akatasa. Kutasa ni kutia pombe ya miwa mdomoni ukaitema kama manyunyu, huku ukiitoa hasira yote kifuani na kusema maneno ya heri. Alikuwa akisema, "Kidai, sina kinyongo nawe tena. Mlinde Mwakio. Mrudishe Mwakio." Mwanamke aliyenuna miaka yote hiyo akawa mwepesi, anaimba akipepeta mahindi. Mimi Mkristo nilimtazama nikasema moyoni, haidhuru.

Basi ikafika siku ya kuwakumbuka askari, ile ya Novemba, ya maua mekundu ya karatasi. Kule Kikuyu Hali ya Hatari ilikuwa imetangazwa juzi juzi tu, kwa hivyo mwaka ule Wazungu walikuja wengi, na polisi wakajaa kila pembe. Sisi tuliotoka Bama tulipangwa mstari kwenye makaburi ya askari pale Voi, medali zimesuguliwa kwa majivu zikang'aa. Unayajua makaburi yale? Mawe meupe, kila jiwe na jina la mwenyewe, nyasi zimekatwa hata mbuzi angeona haya kupita. Bwana DC akasoma, akaapa kwamba hawatasahauliwa kamwe. Nami nikawaza, hawa sawa, hawa wameandikwa. Na Kidai je? Na wale viazi wa Maktau?

Tarumbeta ikalia. Kimya cha dakika mbili kikaanza. Na niamini, kilikuwa kimya kweli, hata upepo wa Voi, ambao unaujua haunyamazi kwa mtu, ulitulia.

Hapo mtu akaja akasimama kando yangu.

Nilihisi bega lake. Nikageuza macho bila kugeuza shingo, kama tulivyofundishwa. Alikuwa mwanamume wa makamo, amekonda mbavu zinahesabika, kifua wazi, kaniki kiunoni, miguu mitupu. Juu ya utosi nywele zimeisha, pamekuwa na kipara cha mviringo kama cha mtu aliyebeba mizigo maisha yake yote. Vumbi la Voi ni jekundu, linajulikana, sote lilikuwa limetupaka mpaka magotini. Yeye miguu yake ilikuwa na vumbi la kijivu, la uwanda wa kule chini.

"Wewe ndiye mjukuu," akaniambia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kambini, cha kuvunjikavunjika.

Nikanong'ona, "Mjukuu wa nani?"

"Wa yule mama anayenitemea pombe kila asubuhi. Mwambie aache. Mimi si mume wake."

Ungefanya nini wewe? Ungekimbia? Mbele ya Bwana DC? Mstari mzima watu wamesimama kama miti, hakuna anayekohoa, na huyu bwana anazungumza kwa sauti ya kawaida tu kama tuko sokoni. Alipofungua kinywa nikayaona meno yake. Yalikuwa yamechongwa, ndiyo. Lakini kwetu jino la mbele linachongwa likawa ncha. Yake yalikuwa mawili ya kati tu, yamemegwa pembeni yakaacha mwanya katikati. Ile haikuwa kazi ya Mdawida. Mwadime angejulia wapi? Alipozaliwa mtindo wenyewe ulikuwa umeanza kwisha.

"Wananiita Kidai," akasema. "Sijui Kidai ni nani. Mimi naitwa..." Uso wake ukakunjamana kama mtu anayetafuta funguo. "Jina langu lilikuwa pale Maktau. Sisi tuliolala pale tulikuwa tunaambiana, kila mmoja anataja jina lake na kwao, tunazunguka hivyo hivyo, tusije tukasahau. Sasa mmeniweka peke yangu na wazee wenu. Ni watu wema, siwasemi vibaya. Huyu jirani yangu mwenye ufa kwenye paji ananichekesha. Lakini wananisemesha lugha yenu usiku na mchana. Yangu inaniisha."

"Kwenu ni wapi?"

"Kuna mto. Mpana. Ukivuka unakuta mama anafuma nyavu..." Akapapasa utosi wake. "Nirudisheni kwa wenzangu. Upesi."

Nikamwambia, "Na Mwakio? Nyanya anakuomba umlinde Mwakio."

Akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza kuliko yote. "Simjui huyo mtoto. Nitamlindaje? Mimi mwenyewe nilishindwa na tumbo la kuhara."

Tarumbeta ikalia tena. Upepo ukarudi. Kando yangu palikuwa na nafasi tupu, na sajini wetu wa zamani, mtu wa Sagalla, akanishika kiwiko cha mkono akakikaza. "Wewe una wazimu? Unaongea na nani kwenye kimya?" Kwa hivyo midomo yangu waliiona. Sikuota.

Sikungoja chai ya sherehe. Nilishika njia ya kwetu Mbololo na medali zangu kifuani, nikapita shamba la mkonge, nikapanda mlima bila kupumzika. Nilimkuta baba mdogo Mwadime anakarabati boma. Nikamwuliza bila hata salamu, "Kile kichwa mlikiweka kando ya nani?"

"Kwa nini?"

"Ni kando ya mwenye ufa kwenye paji?"

Jembe likamponyoka. "Nani amekuambia? Tuliingia watu wawili tu, na mwenzangu si mtu wa kusema habari za huko."

Nikamweleza yote. Hakubisha. Alikaa chini pale pale kwenye samadi, akashika kichwa, akawa anasema, "Nimemwiba mtu. Nimemwiba mtu kwa jamaa zake." Tukakubaliana kwamba arudishwe wiki ile ile, gari moshi la kwanza. Lakini huwezi kutoa kitu ngomenyi bila mwenye nyumba kujua, kwa hivyo tukaingia kwa nyanya.

Alitusikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atalia, au atanipiga. Alinyoosha tu kanga yake, akasema polepole, "Mkimtoa leo, kesho asubuhi nitaelekea wapi?"

"Nyanya, si yeye. Amesema mwenyewe hamjui Mwakio."

"Atamjua. Nitamwambia. Nitamwambia kila siku Mwakio ni nani, anapenda nini, anacheka vipi, mpaka amjue." Akanishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Mjukuu wangu, nakuomba. Mwacheni mpaka mtoto arudi. Akirudi tu, mpelekeni mnakotaka, hata Ulaya. Lakini msiniache na mwamba mtupu wakati mtoto yuko msituni."

Wewe ungemnyima? Mwanamke wa umri ule, anakuita kwa sauti ile? Mwadime aliniangalia, nikamwangalia. Tukatoka nje. Hatukukitoa.

Akaendelea kutasa. Ila sasa hakuwa akiomba tu, alikuwa akihadithia. Nilipopanda mlima siku za mapumziko nilimsikia nyuma ya nyumba, asubuhi kwa umande, anaueleza ule mwamba jinsi Mwakio alivyoangukia chungu cha uji akiwa mdogo, jinsi alivyoogopa jogoo. Siku moja akaniambia, uso umejaa furaha, "Ameanza kunijibu."

"Anajibu nini, nyanya?"

"Ameniita Mkamburi. Ameniambia anamtafuta."

"Kwa lugha gani?"

Akanishangaa. "Lugha gani? Kwani mume wangu ni Mswahili? Kidawida."

Nilijua ni nini kilichokuwa kikitendeka, na nilijua sitaweza kukizuia bila kumvunja yeye. Nikasema basi, Mwakio akirudi, siku hiyo hiyo, sitangoja hata ale.

Mvua fupi zilikuwa mbaya mwaka ule, na mahindi yalikuwa yameanza kujikunja chifu alipokuja kwetu. Nyanya alimpa kigoda, akakikataa. Chifu akikataa kiti mlangoni mwako hana haja ya kusema zaidi. Alisema hata hivyo, maana ndiyo kazi yake: Mwakio ameuawa Malaya, amezikwa kule kule kwa heshima zote. Alisema mara mbili, "kwa heshima zote", masikini, hakuwa na jingine la kutupa.

Nyanya hakupiga kelele. Aliuliza swali moja. "Huko walikomzika, yupo mtu wa kwetu kando yake?" Chifu hakujua. Nyanya akaingia ndani akalala akielekea ukutani, na hakuwahi kutasa tena. Mahindi yale mabovu tulivuna bila yeye.

Baada ya mazishi ya nyanya nikamwambia Mwadime, sasa. Hakuna wa kumwonea huruma tena, tumrudishe mtu kwao. Lakini msiba una mambo yake, na mimi likizo nilikuwa nimeimaliza yote kwa maziko, na Mwadime peke yake alisema hawezi kukigusa tena. Mwezi ukaingia mwezi. Ikafika tena siku ya maua mekundu.

Nilikwenda nikiwa nimejiandaa. Niliapa moyoni nitamwambia: vumilia wiki hii tu, tiketi ya Maktau ninayo. Tarumbeta ikalia, upepo ukatulia, na bega likagusa bega langu.

Alikuwa yeye yule, mbavu zile zile, kipara kile kile. Lakini miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu.

Akanisalimia kwa Kidawida. Si Kidawida changu cha Voi kilichochanganyika. Kidawida kizito cha wazee, kile ambacho mtu wa mwisho niliyemsikia nacho alikuwa nyanya. Akaniita mjukuu wangu.

Nikamwambia kwa Kiswahili, haraka haraka, "Nakupeleka Maktau. Kwa wenzako. Umesikia? Maktau."

"Kufanya nini Maktau?" akanijibu kwa Kidawida. "Nimetoka huko. Mimi kwetu ni hapa."

"Mto, mzee. Unaukumbuka mto? Mpana. Mama anafuma nyavu."

"Mto gani? Huu wa Voi? Umekauka." Akatabasamu, na meno yake mawili yenye mwanya yakaonekana, kitu pekee kilichobaki cha kwao, na mwenyewe hajui. Halafu tabasamu likaondoka. "Mjukuu wangu, Mwakio sijampata. Nimezunguka msitu wote ule nikimwita. Ni msitu wa maji, mtu haoni mbele. Mwambie Mkamburi asichoke. Mwambie Kidai bado anatafuta."

Na mimi nilikuwa nimemzika Mkamburi kwa mikono yangu. Nilifikiri angalau hao wawili watakuwa wameonana. Hawakuonana. Hata huko hawaonani. Nililia pale mstarini, mwanamume mzima wa Bama, na sajini safari hii hakunikemea, alidhani namlilia ndugu yangu.

Tiketi niliichana. Ningempeleka Maktau nani? Angefika kwa wenzake, wangemwuliza jina na kwao, angewajibu Kidai wa Mbololo. Na Kidai mwenyewe, babu yangu, yuko pale pale chini ya jiwe, nadhani alimsikia mwanawe akichimba juu yake, akasikia jembe likienda zake. Sasa mto ule mpana uko wapi? Nimeuliza maaskari, nimeuliza mabaharia waliopita Voi, nimeuliza kila mgeni wa mbali anayeshuka stesheni. Mito ni mingi. Hakuna mtu duniani anayemkumbuka mtu yule, hata yeye mwenyewe.

Kila Novemba anakuja. Habari ni ile ile: bado anatafuta. Nami humjibu, "Ahsante, babu," kwa Kidawida, maana ningemwambia nini?

Kwa hivyo nakuonya, na usinijibu kwamba wewe ni mtu wa elimu. Ukipoteza mtu vitani, mlilie, mwombee, kata nyasi za kaburi kama unalo kaburi. Lakini usiende kuokota mfu mwingine ujazie pengo lako, hata kama anafanana naye, hata kama nyumba nzima inakusihi. Atakuwa wako kweli. Na kule kwao kuna mama atakayemwita milele, na hatageuka.